Mzigo Ulioondoka kwa Miguu Yake

Sauti yangu ya kwanza niliiacha Kiboko. Nilikuwa kijana, ndevu bado hazijaamua ziote upande gani, nikapata kibarua kwenye lile shamba la majaribio ya mtama karibu na barabara kubwa ya Mombasa. Kazi ilikuwa kuwinga ndege. Mtu akisikia hivyo anacheka, anaona ni kazi ya kukaa. Ungekuja ukae wewe. Unapanda dungu alfajiri, una kombeo na rundo la udongo uliokauka, una debe la kugonga, na juu ya hayo yote una koo lako. Ndege wale ni wadogo, midomo myekundu, mmoja ukimshika anajaa kwenye ngumi na nafasi inabaki. Lakini hawaji mmoja. Wanakuja kama moshi wa nyasi zinazoungua, unapinda huku, unapinda kule, wote pamoja, na hakuna aliyewaambia pindeni. Mara nyingine nilikuwa nasahau kupiga kelele. Nasimama tu na kombeo linaning'inia, mdomo wazi, mpaka msimamizi ananiuliza kutoka chini kama nimelipwa kutazama.

Tulipiga kelele kutoka jua likitoka mpaka likilala. Mvua ikapita, mtama ukavunwa, nikarudi nyumbani Kanyangi na sauti hii unayoweza kuisikia ukinipigia simu: nzito, ina mchanga ndani, kama jiwe la kusagia likivutwa juu ya jiwe lingine. Mama alinisikia nikibisha hodi akauliza ni nani huyo. Nikasema ni mimi. Akasema mimi nani, mtoto wangu haongei hivyo. Watu wa kwaya kanisani walikuwa wapole, wakaniambia nishike vitabu. Hata mbwa wa jirani, ambaye alikuwa ananibwekea tangu azaliwe, aliacha. Alikuwa anakaa chini ananitazama.

Nilidhani hiyo sauti haina kazi nyingine tena duniani. Nililima nayo, nilioa nayo, nilizika watu wangu nayo. Shule niliiacha darasa la tatu, kwa hiyo sikuwa mtu wa kuitwa mbele kusoma kitu. Mahali pekee palipoitaka ni jioni nyumbani, watoto wakishakula muthokoi na kulamba sufuria, wanaponiambia, umau, tupe yule wa kuni. Umau ndiyo babu kwa Kikamba. Na yule wa kuni ni eimu.

Eimu ni zimwi letu. Hana umbo moja. Leo ana mguu mmoja, kesho ana miguu ya mbuni, keshokutwa ni kisiki. Yule wangu nilipewa na susu, nyanya yangu mzaa mama, aliyekuwa ananiambia hadithi huku anasuka kiondo, vidole vinaenda na mdomo unaenda. Hadithi yenyewe nitaieleza kwa kifupi, maana bila hiyo hutanielewa mbele.

Wasichana walienda kuokota kuni. Mmoja alikuwa mvivu. Wenzake wakikata, yeye anatafuta kivuli. Wakati wa kurudi akaona mzigo njiani, umekatwa vizuri, umefungwa kwa kamba, unangoja kichwa. Akaubeba. Hakuuliza ni wa nani. Njiani mzigo ukaanza kumwimbia sikioni, polepole, nibebe, nibebe, kwenu kuna moto nikaote. Akaufikisha nyumbani. Ukatiwa motoni, haukuungua. Ukakaa kando ya mafiga, na kila watu wakigeuka, chakula kwenye chungu kinapungua. Kisha mbuzi. Kisha wakaanza kuhesabu watoto kabla ya kulala. Mwisho yule msichana akapiga magoti mbele ya mzigo, akafungua kamba, akauliza lile swali alilopaswa kuuliza njiani: nani alikukata? Na eimu akiulizwa hivyo lazima ajibu. Akasema, nimejikata mwenyewe. Akishatamka hivyo hana pa kukaa, maana kuni isiyokatwa na mtu si ya nyumba ya mtu. Vijiti vikasimama vikawa miguu na mikono, akatoka, akavuka mto wa mchanga, akaenda zake.

Hapo si mwisho. Susu alikuwa na kufuli yake. Alikuwa anasema: eimu amevuka, hajarudi, ng'ombe zangu zilale bomani zikijaa, na zenu ninyi ziwe kupe kwenye mkia wa mbuzi wa jirani. Sisi tunapiga kelele, tunakataa, tunamrudishia yeye hao kupe, anacheka mpaka anaacha kusuka. Mpaka aseme hayo hakuna mtoto anayetoka nje. Mkojo unaweza kuwa umefika kwenye meno, unamngoja susu afunge. Akifunga, tunatoka mbio gizani tukigombana nani ana kupe wengi, na hakuna anayemkumbuka eimu.

Sasa nije kwa mjukuu wangu. Huyu ni binti wa binti yangu wa kwanza, mwenyewe alilelewa kwenye mafiga hayohayo. Yuko Mwingi, anafanya kazi kwenye duka la picha za pasipoti na kadi za harusi. Ana rafiki wa kazi, kijana wa familia ya Kiislamu, baba yake ananunua mbuzi na ngamia wanaoletwa kutoka upande wa Garissa. Kijana huyo anachora kwa kompyuta, na vitu anavyochora vinatembea. Mjukuu wangu alikuja nyumbani siku moja, akanisaidia kwanza kupura kunde, nikajua kuna neno. Mtoto wa mjini hapuri kunde bure. Jioni akalitoa. Walitaka kutengeneza katuni ya yule wa kuni, na walikuwa wamejaribu sauti za vijana wengi, zote zikawa kama mtu anayeigiza kukohoa.

Akasema, "Umau, eimu ana sauti yako. Mimi tangu nikiwa mdogo sijawahi kumsikia na nyingine."

Sijui kama hiyo ilikuwa sifa. Nilienda.

Walinipeleka kwenye stoo nyuma ya duka. Ukutani walikuwa wamesimamisha magodoro pande zote ili malori ya barabarani yasiingie kwenye hadithi. Shida yangu ilikuwa nyingine. Ilikuwa saa nne asubuhi. Susu alikataza kabisa kusimulia jua likiwa juu. Ukifanya hivyo mbuzi wanapotea njia ya nyumbani. Mimi ni mtu wa kanisa, siogopi mambo hayo, lakini mbuzi ni mbuzi. Nikawaambia wazime taa na wafunge mlango. Wakazima. Giza likawa lile lile la kwetu, na harufu ya magodoro mapya. Nikaongea. Nikaimba ule wimbo wa mzigo. Nikafunga na kupe, kama kawaida. Taa ilipowashwa yule kijana alikuwa ameshika mikono yake miwili kati ya magoti. Alisema kwao pia nyanya yake alikuwa na hadithi ya mwanamke mla watu, na alikuwa hajamfikiria miaka mingi.

Nilipotoka nje nikapiga simu nyumbani kuuliza mbuzi. Mmoja alikuwa hayupo. Walimpata kwenye kunde za jirani, na jirani alikuwa na maneno mengi. Sisemi kitu. Naeleza tu ilivyokuwa.

Baada ya mavuno mjukuu wangu akaja na kompyuta kwenye mkoba. Akaiweka juu ya kiti, tukakaa chini kwenye jamvi: mimi, yeye, na binti yake mdogo ambaye anaishi na mimi, bado hajaanza shule. Nataka nieleze nilichoona, na najua maneno yangu hayatatosha.

Nimemsimulia eimu maisha yangu yote na sikuwa nimewahi kumwona. Nilikuwa na vipande. Jicho. Sauti ya vijiti vikisuguana. Mguu usiofanana na mwingine. Sasa pale kwenye kioo, kidogo kama dirisha la basi, mzigo wa kuni ulikuwa umelala njiani, na ile njia ilikuwa ya kwetu, udongo mwekundu, na kichaka cha miiba chenye kiota cha ndege kimegeuzwa mdomo chini. Kamba ilikuwa imefungwa fundo la kwetu. Msichana akaubeba. Na kutoka kati ya vijiti sauti ikatoka, ikasema nibebe, nibebe. Sauti yangu! Nilihisi nywele za mikono zikisimama. Ile sauti niliyoiharibu nikifukuza ndege, iliyokataliwa na kwaya, ilikuwa imepata mwili. Vijiti vilipumua. Sikupepesa macho. Nilitaka susu awe hai kwa muda mfupi tu, akae hapo kwenye jamvi na kiondo chake.

Kisha ikafika mwisho. Msichana akauliza swali, eimu akajibu, akasimama, akatoka mlangoni. Nikavuta pumzi ningoje kupe. Hawakuja. Badala yake tukaona mafiga, na kando ya mafiga kijiti kimoja kimebaki. Kijiti kikafungua jicho. Giza. Muziki.

Nikauliza kupe wako wapi. Mjukuu wangu akanieleza kwa heshima sana, kama unavyomweleza mtu kwamba amekalia kofia ya mgeni. Alisema wametoa kwa sababu mtazamaji asiyejua mila ataona anatukanwa. Na lile jicho ni la kuwangojesha watu, maana watafanya sehemu ya pili.

"Hadithi siku hizi haziishi, umau," akasema. "Ukiimaliza watu wanakusahau."

Nikamwambia hadithi ambayo haijafungwa ni boma lisilo na mlango. Akaniambia ndiyo, na hiyo ndiyo inafanya watu warudi kuangalia. Hatukugombana. Huyu mtoto nampenda, na kazi yake ilikuwa imeniacha bila nguvu za kugombana. Lakini nilijua kuna kitu kimetoka nje na hakijarudishwa, na sikujua nifanye nini.

Asubuhi yake niliinuka kuwasha moto wa chai. Kale kasichana kalikuwa kamesimama mlangoni mwa jikoni, hakataki kuingia. Nikanyoosha mkono nichukue kuni. Kakaanza kulia. Nikauliza nini. Kakaonyesha rundo la kuni kwa kidole, kisha kakauliza zile kuni, si mimi:

"Nani alikukata?"

Tukangoja. Kuni za mgunga hazina majibu. Mwishowe nikajibu kwa niaba yao, nikasema ni umau, jana, kwa panga, pale chini kwa bonde. Kakafikiri. Kakaruhusu hicho kijiti kiingie motoni. Kisha kakaelekea cha pili.

Hivyo ndivyo tulivyopika chai siku hiyo na siku zilizofuata. Kila kijiti na mahojiano yake. Majirani wakipita wananisikia, mzee mzima mwenye sauti ya jiwe, nikijibu jikoni: ni mimi, ni mimi, huyo pia ni mimi. Mwanzoni nilicheka. Baadaye sikucheka, maana jioni ikifika mtoto hataki kulala upande wa mafiga, hataki kwenda choo hata nikishika tochi, na ananiuliza kile kijiti cha mwisho kiko nyumba gani sasa. Nilijaribu kumfungia hadithi mwenyewe. Nikasema maneno yote ya susu, kupe na mkia. Akanitazama kwa huruma. Akasema hayo ni ya mdomo. Yeye aliona kwa macho.

Hapo ndipo nilipoelewa ukubwa wa kitu hiki. Susu alinipa eimu wa kusikia, na neno lilimtosha. Hawa vijana wamemfanya eimu wa kuonekana, na neno langu halimfikii tena. Sijawahi kujiona mdogo hivyo tangu nikiwa juu ya dungu chini ya wale ndege.

Mjukuu wangu alipokuja tena, mtoto alimshika sketi tangu anashuka kwenye pikipiki mpaka anaondoka. Wakati wa kupika mama mtu akachukua kuni, na binti yake akaziuliza. Mimi nikajibu, ni mimi, kama tulivyozoea. Mjukuu wangu aliangalia huku na huku, akidhani ni mchezo. Kisha akaona uso wa mtoto. Akakaa chini kwenye kigoda bila kuweka ile kuni.

Nilimwambia neno moja tu. Nilisema, "Mama, mfungie mtoto hadithi. Mimi nimeshindwa."

Aliondoka na kompyuta yake, na nilisikia kwenye simu kwamba kule Mwingi maneno yalikuwa mengi, kwamba bila jicho hakuna sehemu ya pili, na kwamba wenzake wengine walisema mtoto mmoja wa Kanyangi hawezi kubadilisha katuni ya watu wote. Sikuuliza zaidi. Niliendelea kujibu kuni.

Kisha vijana wakaomba kuonyesha ile katuni kwenye shule yetu ya msingi, Jumamosi alasiri. Hapo kukawa na tatizo la neno. Kwa Kikamba chetu eimu wa hadithi na aimu, yaani mizimu, wanakaa jirani sana mdomoni, na siku hizi kanisani aimu ni mapepo ya kukemewa. Kwa hiyo habari iliyomfikia mchungaji wetu ni kwamba vijana wa Mwingi wanakuja kuonyesha watoto mapepo kwa mashine. Alikuja mwenyewe. Alikaa mstari wa mbele na Biblia kwenye paja, uso umefungwa kabisa. Nilimwambia ni kuni tu, mchungaji. Akasema tutaona.

Walifunika madirisha kwa magunia. Walitundika shuka nyeupe ukutani. Darasa lilijaa watoto mpaka wengine wakakaa juu ya wengine, na wazazi wakasimama nyuma na majembe yao. Kasichana kangu kalikataa kuja, kisha kakakataa kubaki nyumbani na kuni. Kwa hiyo kalikuja, kakakaa kwenye mapaja yangu, uso ndani ya koti.

Kwenye shuka eimu alikuwa mkubwa kuliko mlango. Nilisikia darasa zima likivuta pumzi kama ng'ombe mmoja. Mzigo ulipoimba, watoto waliangalia shuka, kisha wakanigeukia mimi, kisha shuka. Mchungaji pia aligeuka. Alikuwa amesahau kukunja uso; mdomo ulikuwa wazi, na Biblia ilikuwa imeteleza mpaka magotini akaishika bila kuitazama. Mimi nilikuwa natazama, lakini mkono wangu ulikuwa kwenye mgongo wa mtoto, na mgongo ulikuwa mgumu kama ubao. Sote wawili tulikuwa tunangoja kitu kimoja.

Msichana akafungua kamba. Akauliza. Eimu akajibu. Akatoka mlangoni.

Mafiga yakaja. Na kijiti kilikuwepo. Kilikuwepo palepale, na moyo wangu ukashuka. Kikafungua jicho. Watoto wa mstari wa mbele walirudi nyuma wote kwa mara moja.

Lakini haikuwa giza. Yule msichana wa katuni, mvivu yule, alikuwa bado amepiga magoti. Akainama mpaka pua yake ikakaribia kukigusa kile kijiti, akauliza, kwa sauti ambayo niliifahamu kabla sijaelewa, maana ilikuwa sauti ya huyu mtoto niliyempakata, imechukuliwa kwa simu jikoni mwangu bila mimi kujua:

"Na wewe, nani alikukata?"

Uso ukatoka kwenye koti.

Kijiti kikapepesa jicho. Kikasimama kwa ncha yake, kikatazama huku na kule kama aliyefumaniwa, kikakimbia, tik tik tik, nje ya mlango, kikamfuata eimu kwenye njia nyekundu, kikaruka kikajichomeka mguuni mwake, mahali pa kidole kidogo. Watoto wakacheka kicheko cha kupasua bati. Halafu sauti yangu ikashuka kutoka ukutani, ikiwa na mchanga wake wote, ikasema amevuka, hajarudi, na ng'ombe zetu, na kupe zenu. Kelele iliyotokea hapo sijaisikia tangu mafiga ya susu. Darasa zima lilikataa kupe. Wazazi walikataa. Mchungaji alisema kupe hao warudi Mwingi.

Mtoto hakupiga kelele. Alishuka kutoka mapajani mwangu, akapita katikati ya wenzake mpaka karibu na shuka, akasimama hapo anamwangalia eimu akienda. Na mimi nikamwangalia. Maisha yangu yote eimu alikuwa anakuja. Uso mbele, meno mbele. Susu hakuwahi kutuonyesha mgongo wake. Sasa niliuona: mgongo wa vijiti, umepinda kidogo kama wa mtu aliyefanya kazi ya wengine siku nyingi, na ile kamba iliyofunguliwa inaburuta nyuma yake kwenye mchanga wa mto mkavu, inaacha mstari. Hakuwa na haraka. Alipanda ukingo wa ng'ambo. Ndege wadogo wakaruka kutoka kwenye nyasi mbele yake kama moshi, wakapinda wote pamoja, na yeye akapita chini yao, akawa kisiki, akawa kijiti, akawa nukta, wala hakugeuka. Alienda zake tu, na hajarudi.